Shamba Moja, Mabwana Wengi

Wengi wanaotoka Garissa na Dagahaley kwenda Nairobi wamepata kuusikia mtaa wa Karen, wenye nyumba kubwa na bustani pana. Si wote wajuao kwamba mtaa ule ulikuwa shamba moja la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Habari zake zafaa kusimuliwa, kwani zaonyesha jinsi ardhi inavyopita mkono hata mkono, na jinsi aliye na hati anavyopata kauli kuliko aliye na jasho.

Wamasai na Wakikuyu waliitumia nchi ile kabla hati yo yote haijaandikwa. Mwaka 1912 Mswidi mmoja, Åke Sjögren, alijenga pale nyumba ya mawe. Miaka michache baadaye shamba, lenye ukubwa wa eka 6,000 hivi, likanunuliwa na Bror Blixen na mkewe Karen, aliyetoka Denmaki, kwa fedha za jamaa za yule bibi. Kampuni ikaundwa, na eka 600 hivi zikapandwa kahawa.

Lakini mahali pale pana baridi na pako juu mno kwa kahawa. Mvua nazo hazikutimia kila mwaka. Mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kiliteketea kwa moto. Bwana na bibi waliachana mwaka 1925, bibi akabaki kuliendesha shamba peke yake. Mwaka 1931 kampuni ilishindwa na madeni, na shamba likauzwa. Aliyelinunua, Remy Martin, hakutaka kahawa. Alilikata viwanja vya eka 20 akaviuza. Huo ndio mwanzo wa mtaa wa Karen.

Je, ni hao tu walioliumba shamba lile? La, hasha. Kulikuwa na Farah Aden, Msomali, aliyeisimamia nyumba tangu mwaka 1914 hata siku ya kuuzwa, na bibi alimwamini kwa fedha na kwa funguo. Kulikuwa pia na jamaa za Wakikuyu walioitwa maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka watu wa namna hiyo wamtumikie mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ili waruhusiwe kukaa na kulima. Wao ndio waliopalilia na kuchuma. Lakini shamba lilipouzwa, iliwapasa kuhama. Bibi aliwaombea kwa wakubwa wa Serikali wasitawanywe, wakapewa nafasi katika msitu wa Dagoretti. Walipata mahali kwa hisani, si kwa haki.

Bibi mwenyewe alirudi Rungstedlund, nyumba ya kale ambayo baba yake aliinunua mwaka 1879. Aliyekwisha kupoteza shamba moja hakukubali kupoteza la pili: mwaka 1958, miaka minne kabla ya kufa kwake, aliiweka nyumba ile na bustani yake chini ya wakfu, isije ikakatwa viwanja. Ama ile nyumba ya Ngong, Serikali ya Denmaki iliinunua, ikaitoa zawadi kwa Kenya mwaka 1964. Tangu mwaka 1986 ni makumbusho.

Sasa tutazame kwetu. Sehemu kubwa ya ardhi ya Garissa ni malisho ya jamii, wala haina hati ya mtu mmoja. Kambi ya Dagahaley nayo imekuwapo katika nchi hiyo ya malisho tangu mwaka 1992. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yasema kwamba ardhi ya jamii isiyoandikishwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa amana ya wenyewe. Na jamii ikijiandikisha, hupata hati yake.

Basi, wazee na vijana, mikutano ya kuandikisha ardhi inapoitwa, msiiache ipite. Mipaka, visima na njia za mifugo ambazo wazee wanazijua kwa moyo, na ziandikwe wangali hai. Wale wa Ngong waliijua kila pembe ya shamba lao. Lakini siku ya mauzo hakuna aliyewauliza, kwa kuwa majina yao hayakuwamo katika hati. Mali bila daftari hupotea bila habari.