Nani anastahili kuitwa mkimbiaji?

NDUGU msomaji, ukipita alfajiri baada ya swala kwenye barabara za Bigwa au Kilakala hapa Morogoro, utakutana na watu wa aina mbili. Wapo vijana waliovaa raba nzuri na fulana za mashindano, wanakupita kwa kasi. Na wapo akina mama na wazee wanaokimbia hatua chache, wakatembea, kisha wakakimbia tena. Waulize hawa wa pili kama wao ni wakimbiaji. Aghlabu watacheka na kukujibu, "Aa, sisi tunanyoosha viungo tu."

Jibu hilo linaonekana dogo, lakini lina madhara. Mtu anayeamini kuwa mbio ni za wenzake huacha siku ya kwanza anapochekwa na watoto njiani au anapopitwa na kijana. Akishaacha, anarudi kwenye kiti, na shinikizo la damu na kisukari havimsubiri mpaka apate kasi.

Kwa maoni yetu, mkimbiaji ni yule anayekimbia kwa kadiri ya mwili wake, na juma lijalo akatoka tena. Kasi ni habari nyingine. Mwaka 1968, katika Olimpiki ya Mexico City, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka katikati ya mbio za marathoni akaumia goti. Alifungwa bandeji akaendelea, akamaliza wa 57, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amefika zaidi ya saa moja kabla yake. Mwaka 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia katika mbio hizo hizo za marathoni. Nani atathubutu kusema kuwa Simbu ni mkimbiaji na Akhwari siye?

Hata hivyo, usimuige Akhwari katika kila jambo. Yeye alikuwa mwanariadha aliyezoezwa, tena anaiwakilisha nchi. Wewe goti likivimba, simama urudi nyumbani.

Wapo pia wanaodhani kuwa mbio hazimpendezi mtu mwenye heshima zake, hasa mwanamke. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.). Mara ya kwanza Bi Aisha alishinda, na baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, Mtume akamshinda. Na kwa dada anayesema mavazi ya stara yanamzuia, Ruqaya Al-Ghasra wa Bahrain alishinda mita 200 katika Michezo ya Asia mjini Doha mwaka 2006 akiwa amefunika kichwa, mikono na miguu. Vazi jepesi lisilobana linatosha kwa barabara ya Kilakala.

Sisi wa Morogoro tuna mtihani wetu, nao ni mlima. Mji uko chini kabisa ya Uluguru, ambayo vilele vyake vinapita mita 2,600, na njia ya kupanda Morningside inaanzia karibu na nyumba za watu. Vijana wengi huona aibu kutembea kwenye mwinuko, wanalazimisha mbio mpaka wanashika viuno. Hiyo aibu haina msingi. Mwanamke wa Kiluguru anayeshuka sokoni na mkungu wa ndizi kichwani, kisha akapanda kurudi kwake, hakimbii hata hatua moja, lakini moyo na mapafu yake vinafanya kazi ambayo wengi wa wenye raba hawaiwezi. Panda kwa kutembea. Na usidhani kushuka ni mapumziko: wakati wa kushuka msuli wa paja hufanya kazi ya breki huku ukinyooshwa, ndiyo maana kesho yake ngazi za nyumba zinakushinda. Fupisha hatua.

Kiasi gani kinatosha? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea haraka, au dakika 75 za mazoezi makali kama mbio. Ukigawa hizo 150 kwa siku tano ni nusu saa tu, chini ya muda tunaoupoteza barazani. Kipimo cha anayeanza ni mdomo wake: kama huwezi kusema sentensi nzima na mwenzako, punguza mwendo.

Mwenye presha, kisukari au maradhi ya moyo amwone daktari kabla ya kuanza. Anayetumia dawa za kushusha sukari atembee na kitu kitamu mfukoni, na asikimbie peku hata kama ndivyo alivyozoea utotoni, kwani kidonda kidogo cha mguu kwa mgonjwa wa kisukari huweza kuishia kwenye kukatwa. Kifua kikibana au kichwa kikizunguka, acha papo hapo utafute msaada.

Ukirudi, vua soksi zenye jasho na uzifue siku hiyo hiyo. Osha miguu, kisha kausha katikati ya vidole, maana fangasi hupenda unyevunyevu. Raba zianike mahali penye hewa, zisikae uvunguni mwa kitanda mpaka kesho alfajiri.