Msuko wa Likizo Usibane
Joto la Desemba likipanda Dar es Salaam na shule zikifungwa, watoto wa kike hupelekwa kusukwa rasta za kukaa mwezi mzima, na msusi anayesifiwa ni yule anayekaza. Hapo ndipo ninapopingana na wazazi wenzangu. Vile vipele vinavyotoka kwenye paji la uso, mtoto akishindwa hata kulalia ubavu, ni dalili kwamba mashina ya nywele yanaumia. Yakivutwa hivyo miaka nenda miaka rudi, upara wa pembeni huweza kuwa wa kudumu. Halafu jasho na chumvi ya bahari hubaki chini ya rasta, kichwa kinawasha, kucha zinaingia kazini. Mtasema msuko uliolegea hufumuka mapema na hela ya msusi haiokotwi. Kweli, lakini msuko wa twende kilioni wa nywele za mtoto mwenyewe ni wa bei nafuu, na hufumuliwa kila wiki kichwa kikaoshwa, kikapakwa mafuta kidogo. Wengine watataka anyolewe tu yaishe. Sawa, atapoa, ila mashine ya kinyozi isiyosafishwa kwa spiriti husambaza mapunye.