Maji Husukuma kwa Kina, Si kwa Upana

Wakazi wa Garsen wanaujua vyema Mto Tana unapofurika. Mafuriko ya El Nino ya 1997 yaliharibu matuta ya mradi wa mpunga wa Tana Delta, na mwaka 2018 na 2024 maji yalirudi tena mashambani na vijijini. Je, tuta la udongo hubeba mzigo gani?

Wengi hudhani kwamba maji yaliyotanda kilomita nyingi husukuma zaidi kuliko maji ya mtaro. Sivyo. Kanieneo, yaani msukumo kwa kila mita ya mraba, hutegemea kina. Toboa mkebe matundu mawili, moja juu na jingine chini, kisha ujaze maji. Tundu la chini ndilo litakalorusha maji kwa nguvu zaidi.

Hesabu yake ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ya maji ni kilo 1,000. Kwa hiyo, penye kina cha mita 1, kanieneo ni uzito wa kilo 1,000 kwa kila mita ya mraba. Mwanafunzi ataandika takriban paskali 10,000.

Sasa chukua kipande cha tuta chenye urefu wa mita 1, na tukifanye ukuta wima. Maji yakifika mita 1, kanieneo juu ni sifuri na chini ni kilo 1,000. Wastani ni 500. Zidisha kwa eneo la mita 1 ya mraba: kilo 500. Maji yakifika mita 2, wastani ni 1,000 na eneo ni mita 2 za mraba. Jibu ni kilo 2,000! Kina kimeongezeka mara mbili, mzigo mara nne.

Ndiyo maana tuta hujengwa pana chini, jembamba juu. Ndiyo maana pia maji yakianza kububujika mguuni mwa tuta, upande mkavu, watu wasingoje yafurike juu. Wachukue watoto na wazee, wakimbilie mahali palipoinuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa tuta wakati wa mafuriko hauzibwi na mtu mmoja mwenye jembe.

Vijana, pigeni hesabu ya mita 3. Atakayepata kilo 4,500 amefahamu.