"Kisia Ni Nani": Mchezo Unaomuumiza Asiyetajwa

Kila wiki lazima iwepo. "Staa mmoja wa kiume anayevuma Nairobi anaswa garini na 'rafiki' yake. Kisia ni nani!" Uso umezibwa, viatu vimeachwa makusudi. Dakika kumi baadaye majina saba yashatajwa, na kosa la mmoja ni hereni tu.

Staa mwenyewe atapona. Ana meneja, ana wakili, na ngoma mpya inatoka Ijumaa (wengine hata wanazipenda kelele hizo). Lakini yule wa miaka 21 anayesoma komenti saa nane usiku hosteli, chini ya blanketi, hana meneja. Anahesabu. Rafiki wa darasani ameweka emoji ya kucheka. Binamu ameandika "hao wachomwe." Shangazi akaipa komenti hiyo moyo. Asubuhi anafuta picha zake tatu, anabadilisha jina la mtu fulani kwenye simu liwe "Fundi Stima", na anaanza kuikaza sauti akiongea. Hakuna aliyemtaja. Kajitaja mwenyewe, kimoyomoyo, na kujihukumu papo hapo.

Halafu waliocheka wanageuka madaktari: ati si mnaona hao huwa na msongo wa mawazo, ni ugonjwa. Wapi! Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa Mei 17, 1990, kabla wengi wao hawajazaliwa. Mwanasaikolojia Ilan Meyer alieleza mwaka 2003 kinachowachosha: kujificha, kusubiri kukataliwa, na mwishowe kuyaamini matusi. Anayelinda mlango usiku na mchana atalala saa ngapi?

"Si atafute msaada?" Kwa nani? Sheria ya Kenya bado inatishia kifungo cha hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu hivyo Mei 24, 2019. Kabla ya kubisha kwa mshauri wa chuo, kijana anajiuliza kama huyo mshauri atampigia mzazi au mchungaji. Mwingine anamlipa tapeli mwenye skrinshoti kila mwisho wa mwezi. Polisi haendi, akaseme anatishiwa kwa siri gani?

Wenye kurasa wanajitetea hawajataja jina. Ndio ujanja wenyewe! Ukitaja unashtakiwa, usipotaja, kila mwenye hereni ni mshukiwa na pesa za matangazo zinaingia. Kama ni habari za mastaa, mbona mikataba wanayodhulumiwa haiandikwi? Admin aanze na hizo, na ile posti ya gari aifute leo.