Fomu ishatumwa, roho juu ya nini?

Hapa Balsall Heath, Birmingham, kila msimu wa UCAS simu za jamaa wa Maskati hazipumziki: kijana keshatuma fomu, kaona herufi moja imeruka kwenye maelezo yake, nyumba nzima hailali. Jamani, tulieni. Maelezo yakishatumwa hayabadilishwi, na koma moja haimfungii mtu mlango wa chuo.

La kushughulikia ni jina. "Bin" na "Al" zetu huandikwa huku, zikaachwa kule. Jina, tarehe ya kuzaliwa au matokeo yakipishana na pasipoti na vyeti, waarifuni UCAS na vyuo leo leo, maana viza inaweza kukwama. Simu na anwani kijana hubadilisha mwenyewe.

Wazee, msimkaripie mtoto kwa koma. Mwambieni alete pasipoti, mlinganishe.