Kabla ya kusema mtoto amebemendwa

Wiki mbili zilizopita alinipigia simu dada mmoja akilia. Mwanawe wa mwaka mmoja na miezi minane amevimba miguu, nywele zimekuwa nyepesi na kubadilika rangi, hachezi wala hataki kula. Mama mkwe amekwisha kutoa hukumu: mtoto amebemendwa. Ushahidi ni mimba ya miezi sita aliyonayo huyo dada.

Neno hilo wengi tunalijua. Mama anayenyonyesha akishika mimba, au mzazi mmoja akitoka nje ya ndoa, kisha mtoto akadhoofu, basi wazazi wamembemenda. Nimeona ndoa ikivunjika kwa neno hilo. Nimeona pia, na hili linaniuma zaidi, mtoto akizungushwa kwa waganga wiki tatu ilhali zahanati iko umbali wa kutembea kwa miguu.

Nikamsimulia dada yule habari za daktari Cicely Williams. Alizaliwa Jamaica mwaka 1893, akasomea udaktari Uingereza, na mwaka 1929 akapelekwa Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Huko alikuta watoto wa kati ya mwaka mmoja na minne wamevimba miguu na mikono, ngozi ina mabaka meusi na inabanduka. Wengi walikufa. Badala ya kuupachika ugonjwa huo jina la kutoka kwenye vitabu vyake, aliwasikiliza wenyeji. Kwa lugha ya Waga wa Accra uliitwa kwashiorkor, yaani ugonjwa unaompata mtoto pale mdogo wake anapokuja.

Hapo ndipo ninapowapa bibi zetu haki yao. Walichokiona wao ndicho walichokiona wanawake wa Accra: mimba mpya inaingia, mtoto wa kwanza anaharibika. Jicho lao halikukosea. Tofauti ni kwamba bibi zetu walichungulia chumbani, Williams akachungulia chunguni. Mtoto ameachishwa ziwa ghafla, na kilichochukua nafasi ya ziwa ni uji wa mahindi, asubuhi na jioni, bila cha kuujenga mwili. Aliandika hayo mwaka 1933, na mwaka 1935 akalitumia jina la Kiga katika jarida la Lancet. Wapo madaktari wenzake waliobisha, wakidai ni pelagra tu.

Sisi tunauita unyafuzi. Na sayansi haikuishia kwa Williams. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa watoto mapacha wa Malawi. Katika nyumba moja pacha mmoja aliugua na mwenzake akabaki mzima, na watafiti wakagundua kuwa vijidudu vya tumboni navyo vinachangia. Kwa hiyo mama uliyekwisha kuambiwa na majirani kwamba humlishi mwanao, nawe vuta pumzi.

Sasa la kufanya. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili, uhesabu sekunde tatu. Ukiachia, shimo likabaki pande zote mbili, mpeleke mtoto hospitali siku hiyohiyo. Usianze kumjaza mayai na nyama nyumbani ili kufidia. Mwili uliodhoofu kiasi hicho haustahimili, na ndiyo maana wodini huanza na maziwa maalumu, kidogokidogo.

Kwa mtoto ambaye hajafika huko, ziwa la mama pekee litoshe miezi sita, kisha aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi huku akila. Mimba peke yake si sababu ya kumwachisha kwa kumpaka pilipili. Zungumza na muuguzi wa kliniki, na mama mwenyewe aongezewe chakula. Uji uwe mzito, utiwe karanga zilizosagwa au maziwa. Dagaa waliotwangwa, maharage yaliyopondwa, yai, mchicha na embe lililoiva vinapatikana katika masoko yetu mengi. (Wale wa unga wa nafaka kumi na mbili, mtanisamehe. Nafaka ni nafaka hata zikiwa ishirini.)

Na akina baba, mimba haikujiingiza yenyewe. Uzazi wa mpango ni mazungumzo ya watu wawili.

Jumanne dada yule alinitumia ujumbe. Mtoto amelazwa, uvimbe umeanza kushuka, juzi alitabasamu. Anayelala naye wodini ni mama mkwe, kwa kuwa mama mtu amechoka na mimba. Bibi bado anashikilia kuwa mjukuu wake alibemendwa, lakini saa ya maziwa ikifika, hata usiku wa manane, ndiye anayemwamsha nesi.