Fundi Mhamiaji Akumbukwe kwa Kazi Yake

Johannesburg haukuwa mji wa bandari wala wa mto mkubwa. Ulizaliwa na dhahabu mwaka 1886, na tangu hapo umejengwa kwa mikono ya watu waliotoka mbali. Wachimba migodi walitoka Msumbiji, Nyasaland (Malawi ya leo) na Basutoland (Lesotho ya leo). Kati ya mwaka 1904 na 1910 waliletwa pia Wachina zaidi ya 60,000. Walikuja Wahindi wafanyabiashara na vibarua, wakaja Wayahudi waliokimbia dhiki za dola ya Urusi. Lakini ukiuliza nani aliujenga mji huu, utatajiwa wenye migodi na wanasiasa. Makala hii inatetea neno moja: fundi aliyehama kwao akaja kufanya kazi ya mikono katika nchi ya watu anastahili kukumbukwa kwa kazi hiyo, kwa jina lake, na kwa ukamilifu wa maisha yake. Tusipofanya hivyo hatumdhulumu yeye tu, bali tunajinyima sisi wenyewe elimu ya namna mji unavyojengwa na watu wa aina nyingi wanavyoweza kuishi pamoja.

Ushahidi wangu ni Hermann Kallenbach. Alizaliwa mwaka 1871 katika familia ya Kiyahudi, kwenye mji mdogo wa mpakani ambao leo umo Lituanya. Alisomea usanifu wa majengo Ujerumani, na alifunzwa pia useremala na uashi, kwa hiyo hakuwa mtu wa kuchora karatasini tu na kuwaachia wengine vumbi. Mwaka 1896 alifika Afrika Kusini akawafuata wajomba zake Johannesburg. Kazi yake ingali inaonekana. Kanisa kuu la Waorthodoksi wa Kigiriki karibu na Joubert Park, lililokamilika mwaka 1913, ni mchoro wake; na sinagogi la Temple Israel la Hillbrow, la mwaka 1936, lilitoka katika ofisi yake na washirika wake. Myahudi aliwajengea Wakristo wa Ugiriki nyumba ya ibada kwa uangalifu uleule ambao ofisi yake ilikuja kuwajengea watu wa dini yake. Hilo peke yake ni somo, maana ufundi wa kweli hauulizi mteja anasali wapi.

Hata hivyo kazi yake kubwa kuliko zote haikuwa ya mawe ya gharama. Tarehe 30 Mei 1910 alitoa shamba lake la ekari 1,100 karibu na kituo cha Lawley, maili 21 hivi kutoka mjini, likaliwe bure na familia za Wahindi waliofungwa kwa kukataa sheria za ubaguzi za Transvaal, eneo ulimo mji wa Johannesburg. Rafiki yake Mohandas Gandhi alikuwa akiyaongoza mapambano hayo, nao wakaliita Shamba la Tolstoy, kwa jina la mwandishi wa Urusi. Kallenbach alisimamia ujenzi wa nyumba za mbao na mabati; seremala mmoja wa Kigujarati alijitolea bila malipo; na kazi isiyohitaji ufundi ilifanywa na wakazi wenyewe. Humo waliishi Wahindu, Waislamu, Wakristo na Waparsi, na Ramadhani ilipofika wasio Waislamu walifunga pamoja na wenzao. Kallenbach alikwenda kwenye monasteri ya Mariannhill, karibu na Durban, akajifunza kushona makubazi, akarudi akamfundisha Gandhi, naye Gandhi akawafundisha wengine. Miaka michache baadaye Gandhi alishona jozi gerezani akampa Jenerali Smuts, waziri wa serikali, yule yule aliyemfunga. Dunia inayajua makubazi ya Smuts. Ni wachache wanaojua kwamba ujuzi ule ulipita kwanza katika mikono ya msanifu majengo aliyekubali kuwa mwanafunzi wa watawa ili awe mwalimu wa wafungwa.

Wapo wanaosema mkongwe wa mapambano ni aliyebeba bunduki. Kallenbach hakubeba, lakini gharama ya msimamo aliilipa. Mwaka 1913 Wahindi zaidi ya 2,000, wengi wao wafanyakazi wa migodi ya makaa ya mawe ya jimbo jirani la Natal, waliandamana kuvuka mpaka wa Transvaal kupinga, pamoja na mengine, kodi ya pauni tatu waliyotozwa vibarua wa Kihindi waliomaliza mikataba yao. Kallenbach alikamatwa kwa kuwasaidia na kuhukumiwa kifungo cha miezi mitatu. Mwaka uliofuata sheria mpya iliifuta kodi ile. Mwaka huohuo Kallenbach alisafiri na Gandhi hadi Uingereza akitumaini kwenda naye India, lakini Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vikazuka. Kwa kuwa alihesabiwa Mjerumani, alikatazwa kuendelea na safari, na baadaye akawekwa kizuizini katika kisiwa cha Man. Mhamiaji ndivyo alivyo mara nyingi: nchi aliyoitumikia humwona mgeni, na nchi aliyotoka humfuata kwa njia ya karatasi zake hata kama moyo wake haupo tena huko. Alirudi Johannesburg baada ya vita, akaendelea kujenga, na akafariki mwaka 1945.

Pingamizi la kwanza ni kwamba asingekuwa Gandhi, hakuna ambaye angemtaja Kallenbach, kwa hiyo anayestahili kukumbukwa ni Gandhi. Ni kweli kwamba urafiki ule ndio uliohifadhi habari zake. Lakini hoja hiyo inathibitisha kasoro ya kumbukumbu zetu, haithibitishi udogo wa mtu. Gandhi aliongoza, ila wale waliofungwa wasingalivumilia kama wake na watoto wao wangalilala nje. Mapambano yanahitaji neno, na yanahitaji pia paa, maji, mkate na viatu. Anayeandika historia ya neno akaacha ya paa ameandika nusu. Inatia moyo kuona kwamba mwaka 2015, katika mji wa Rusnė huko Lituanya, ilizinduliwa sanamu inayowaonyesha wote wawili wamesimama sambamba.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Watasema: alikuwa mzungu mwenye mali, na kutoa shamba si sawa na kutoa chakula cha mwisho. Watasema pia kwamba mapambano yale yalidai haki za Wahindi, na Waafrika wenye nchi hawakuwamo. Tena katika miaka ya 1930 Kallenbach aliunga mkono harakati za Kizayuni, na mwaka 1937 alikwenda India akitumaini kumvuta Gandhi upande huo. Lakini mwaka 1938 Gandhi aliandika waziwazi kwamba Palestina ni ya Waarabu. Yote hayo ni kweli, wala sisemi yafichwe. Kumkumbuka mtu si kumtakasa. Anayetaka marehemu awe malaika ndiye anayemsahau, kwa sababu humweka mahali pake mtu mwingine ambaye hakuwahi kuishi. Tuseme kwamba alitoa kwa ukarimu akiwa na uwezo, kwamba mlango alioufungua haukuwafikia wote, na kwamba juu ya Palestina yeye na rafiki yake walitofautiana bila kuvunja urafiki, kwa maana alimtembelea tena mwaka 1939. Kumbukumbu inayostahimili ukweli huo itawafaa vijana kuliko sifa tupu.

Pingamizi la tatu husikika mitaani: kwa nini tuwakumbuke wageni, ilhali mafundi wenyeji waliofyatua matofali ya mji huu hawana hata bamba la ukumbusho? Jibu ni kwamba kumbukumbu si mkate, ambao ukimkatia mgeni kipande, cha mwenyeji hupungua. Watu wanaozoea kuuliza nani alijenga ukuta huu watamfikia mwashi wa Kisotho kama watakavyomfikia msanifu wa Kiyahudi. Wasiouliza huwasahau wote kwa pamoja. Hapa Afrika Mashariki tunalijua jambo hili. Reli ya Uganda ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, karibu 2,500 wakafa kazini, na majina yao hayamo vinywani mwetu ingawa reli imo. Usahaulifu wa aina hiyo una matokeo. Mwezi Mei 2008 ghasia dhidi ya wahamiaji zilianzia Alexandra, Johannesburg, zikaua watu 62, na 21 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini. Sidai kwamba mabamba ya ukumbusho yangalizuia ghasia zile. Zilitokana na ukosefu wa kazi, uhaba wa nyumba na uchochezi. Ninachosema ni kwamba uongo wa kuwa mgeni huja kula tu huota kwa urahisi pale ambapo hakuna aliyeandika mgeni alijenga nini. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno hayo yanahitaji ushahidi, na ushahidi hupotea usipotunzwa.

Shamba lenyewe la Tolstoy liliachwa likaharibika kwa miaka mingi, na nyumba zile hazikubakiza kitu cha maana isipokuwa misingi. Basi Waswahili mlioko Johannesburg, Watanzania, Wakenya na Wakongo wa Yeoville, Hillbrow na Mayfair, msingoje serikali. Miongoni mwenu wamo waashi, mafundi umeme, washonaji, makanika na wahandisi wanaozeeka. Waulizeni wakiwa hai walijifunza kwa nani, walijenga nini na mtaa gani, walimfundisha nani. Andikeni kwa tarehe na kwa majina, pamoja na makosa yao. Misikiti, makanisa na vyama vya kuzikana viweke daftari la kumbukumbu hizo kama vinavyoweka daftari la michango, na siku ya mazishi isomwe kazi ya marehemu kabla ya ukoo wake. Nanyi wenyeji wa mji, fanyeni vivyo hivyo kwa mafundi wenu, kisha madaftari hayo yasomwe pamoja shuleni, ili mtoto wa Johannesburg akue akijua kwamba mji wake ni kazi ya wengi, naye anadaiwa sehemu yake.